Ujumbe wa hatari kati ya gari na gari: kwenye kona za Uru, nani anajua kama umefika?

Dereva anayepanda kutoka Rau kuelekea Materuni anazijua kona zake. Upande mmoja ni ukingo wa udongo, upande mwingine ni migomba, na kinachoshuka hukioni mpaka mmekaribiana. Ndiyo maana honi inapigwa kabla ya kona, siyo baada.

Honi hiyo ni ujumbe wa usalama. Inasema "nipo, nakuja", na haichagui wa kumwambia. Anaisikia dereva wa Noah, anaisikia wa bodaboda, anaisikia mama aliyejitwisha majani ya ng'ombe na mtoto anayetoka shule.

Kwa zaidi ya miaka 20 wahandisi wamekuwa wakitengeneza honi ya aina nyingine. Hii ni ya mawimbi ya redio. Inatoka kwenye gari moja kwenda kwa magari yote yaliyo karibu, bila dereva kubonyeza chochote. Zipo nchi ambazo magari ya namna hiyo yako barabarani tayari, na mojawapo ni Japani, kule kule zinakotoka gari zetu nyingi.

Lakini kuna swali moja linalowaumiza kichwa wahandisi hao mpaka leo: gari likishatuma ujumbe, linajuaje kama umefika?

Gari linasema nini?

Kifaa kinachofungwa kwenye gari kinachukua mahali lilipo kutoka kwenye satelaiti. Kinaongeza mwendo, upande linakoelekea na kama limekanyaga breki. Halafu kinatangaza taarifa hiyo kwa redio, kwa kawaida mara 10 kila sekunde.

Ujumbe wenyewe ni mdogo sana, kama baiti 300 hivi. Picha moja ya WhatsApp ni kubwa kuliko hapo mara mamia. Kwenye eneo la wazi unaweza kufika mita 300 na zaidi.

Gari linaloupokea linapiga hesabu lenyewe: huyu anakuja kwangu au anakwenda zake? Tutakutana kwenye kona au la? Likiona hatari, linampigia dereva alamu au kumwashia taa kwenye dashibodi.

Ukiacha taarifa hizo za kila wakati, kuna ujumbe wa tukio: gari limeharibika katikati ya njia, breki imekanyagwa ghafla, barabara inateleza. Huu tunao wetu wa asili. Gari likizimika barabarani, madereva wanakata matawi na kuyapanga mita kadhaa kabla na baada yake. Ukiona matawi, unapunguza mwendo hata kama hujaona gari.

Si tayari mabasi yana VTS?

Ndiyo, lakini ni kitu tofauti. Mfumo wa VTS unaosimamiwa na LATRA unafuatilia mabasi ya masafa marefu. Kifaa kinatuma taarifa za basi kupitia mtandao wa simu mpaka kwenye kompyuta za mamlaka, na basi likizidisha mwendo inaonekana huko.

Ni mfumo wa usimamizi. Gari linalokuja mbele ya basi hilo halijui chochote.

Redio ya gari kwa gari haipiti kwenye mnara na haili bando. Ujumbe unatoka antena hadi antena moja kwa moja. Kwenye mabonde ya Uru, ambako unaweza kuwa na mtandao huku na ukavuka mto ukaukosa, hiyo ni faida kubwa.

Na muda ni kila kitu. Magari mawili yanayokuja yakitazamana, kila moja kwa kilomita 40 kwa saa, yanakaribiana kwa mita 22 kila sekunde. Kama yako mita 100 mbali, mna sekunde nne na nusu tu. Dereva wa kawaida anatumia sekunde moja na nusu hivi kushtuka na kuweka mguu kwenye breki. Bado hapo gari halijaanza kusimama.

Tatizo la kwanza: hakuna anayejibu "nimepata"

Simu yako ikituma kitu kwa Wi-Fi, kifaa cha upande wa pili kinajibu kimyakimya "nimepata". Jibu lisipokuja, simu inatuma tena. Wewe huoni hayo yote, unaona tu kwamba picha imekwenda.

Kwenye kutangaza kwa wote mambo ni tofauti. Gari likisema "nakuja" na magari 30 yakajibu "nimepata" kwa pamoja, majibu yangegongana hewani na hakuna ambalo lingesikika. Kwa hiyo utaratibu wa kawaida ni kwamba hakuna anayejibu. Gari linatangaza, linaendelea na safari, na halijui nani amesikia.

Kona inafanya hali kuwa ngumu zaidi. Chukulia magari matatu kwenye mgongo wa kilima. La kwanza liko chini upande wa mashariki, la tatu liko chini upande wa magharibi, la pili liko juu katikati. La kwanza na la tatu hayasikiani kwa sababu kilima kimeziba. Kila moja linasikiliza, linaona hewa iko kimya, linatuma. Ujumbe wao unagongana palepale juu, kwa gari la katikati, ambalo linaambulia kelele tupu. Waliotuma hawajui kama wamegongana.

Tatizo la pili: Desemba

Siku za kawaida, barabara za Uru hazina magari mengi kiasi cha kuzidiana. Subiri Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na kwingineko, na mlima unajaa magari, mengi yakiendeshwa na watu wanaopita kona hizo mara moja kwa mwaka.

Hebu tupige hesabu. Kwa kasi inayotumika sana, ya megabiti 6 kwa sekunde, ujumbe mmoja unachukua hewa kwa karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Inaonekana si kitu. Lakini kila gari linatuma mara 10. Magari 200 yanayosikiana yanatoa ujumbe 2,000 kwa sekunde, na hapo sekunde nzima imekwisha. Hakuna nafasi iliyobaki hata ya ujumbe mmoja wa "nimekanyaga breki".

Na mambo yanaharibika kabla ya kufika huko, kwa sababu magari hayapangi foleni kwa usahihi hivyo. Ni kama watu kwenye kikao cha harusi: wakianza kuongea kwa pamoja, hata mwenye hoja ya maana hasikiki.

Wahandisi wamefanyaje?

Hakuna dawa moja. Wamekusanya mbinu kadhaa ndogo.

Ya kwanza ni kusikiliza kabla ya kusema. Redio inasubiri hewa itulie, halafu inangoja muda mfupi wa kubahatisha, ili magari mawili yaliyokuwa yakingoja yasianze kwa pamoja.

Ya pili ni kurudia. Tuseme kila ujumbe una uwezekano wa asilimia 30 kupotea. Uwezekano wa kupotea mitano mfululizo ni kama mara 2 tu kwa kila 1,000. Na ujumbe mitano ni nusu sekunde. Kwa hiyo kupoteza ujumbe mmoja siyo hatari. Hatari ni kupoteza mingi mfululizo.

Ya tatu ni kupunguza sauti kwenye msongamano. Kila gari linapima hewa imejaa kiasi gani. Ikijaa, linatuma mara chache zaidi, au kwa nguvu ndogo ili lisikike na walio karibu tu. Gari lililosimama kwenye foleni halina haja ya kusema "nipo palepale" mara 10 kwa sekunde.

Ya nne ni kipaumbele. Ujumbe wa tukio la hatari unapewa nafasi ya kutangulia ile ya kawaida.

Ya tano ni kupokezana. Ujumbe wa gari lililoziba njia unaweza kurushwa mbele na gari lingine ili uwafikie walio mbali. Lakini wote wakiurudia, hewa inajaa tena. Njia mojawapo ni kumwachia aliye mbali zaidi na chanzo aanze, na wengine wakimsikia wanyamaze.

Ya sita ni sahihi ya kidijitali. Bila hiyo, mtu mwenye kifaa chake angeweza kukaa kichakani akatangaza ajali ya uongo. Kila ujumbe unawekewa sahihi ya kuthibitisha kwamba umetoka kwenye kifaa halali, na utambulisho unabadilishwa kila baada ya muda ili gari lisifuatiliwe kila linakokwenda.

Udongo hauulizi umerudia mara ngapi

Angalia tena ile hesabu ya kurudia. Inafanya kazi kama ujumbe unapotea kwa bahati mbaya, huu unapotea, unaofuata unafika. Lakini kama kati yenu kuna ukingo wa udongo, ujumbe wa kwanza unazibwa, wa pili unazibwa, na wa mia unazibwa vilevile. Na kona yenye ukingo ndiyo hasa mahali ambapo macho hayafiki, yaani mahali ambapo ujumbe unahitajika kuliko kwingine kote.

Hapa aina ya wimbi ina uzito. Marekani, Ulaya na China wanatumia masafa ya karibu na gigahezi 5.9. Marekani iliyatenga tangu mwaka 1999. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa sentimita 5 hivi. Linabeba taarifa nyingi, lakini halipendi kuzunguka kona, na majani yenye maji mengi yanalidhoofisha. Mgomba ni nini kama si majani yenye maji?

Japani walichagua pia masafa ya megahezi 760 kwa kazi hii, na Toyota ikaanza kuuza magari yenye mfumo huo mwaka 2015. Wimbi lake lina urefu wa karibu sentimita 40, na linapinda kwenye kona za majengo vizuri zaidi. Kwa barabara kama ya Materuni, ukiambiwa uchague moja, ungechagua la Wajapani.

Kumbe hewa hiyo ina mwenyewe

Ukiwasha Noah au Probox iliyoingizwa kutoka Japani, mara nyingi inaanza kuongea Kijapani. Wengi tumezoea tu. Mara nyingi sauti hiyo ni ya kifaa cha kulipia barabara za kule, kinachouliza kuhusu kadi yake. Kimevuka bahari, na huku hakina wa kuongea naye.

Au kumbuka redio ya FM. Redio za Japani zilitengenezwa kusikiliza kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati vituo vyetu vinaanzia 88 mpaka 108. Ndiyo maana fundi anakufungia kile kidude cha kuongeza masafa, la sivyo vituo vingi huvipati.

Kwa ujumbe wa usalama ni hadithi ileile, ila ni mbaya zaidi. Tanzania inatumia sehemu ya masafa ya 700 kwa mitandao ya simu, na mwaka 2018 TCRA ilipiga mnada masafa hayo. Megahezi 760 imeangukia humohumo, upande ambao minara inatumia kuzungumza na simu. Gari la Kijapani likipiga kelele zake hapo, linaweza kuwasumbua wenye simu walio karibu, na lenyewe litazidiwa na mnara. Wimbi linalozifaa kona zetu lina mwenyewe tayari.

Hata kwenye gigahezi 5.9 hakuna lugha moja. Kuna familia ya Wi-Fi, ambayo Volkswagen waliiweka kwenye Golf ya kizazi cha nane kuanzia 2019. Kuna familia ya simu, ambayo China waliichagua na Marekani wakaigeukia mwaka 2020. Magari ya familia hizi mbili hayaelewani, hata yakipishana yakigusana vioo.

Hesabu ya mtu na mwenzake

Honi ya kawaida inasikika na kila mwenye masikio. Honi ya redio inasikika na mwenye kifaa tu, tena cha familia hiyohiyo.

Kama gari 1 kati ya 10 lina kifaa, ni rahisi kudhani usalama umepanda kwa asilimia 10. Sivyo. Ili ujumbe usaidie, wote wawili wanaokutana kwenye kona lazima wawe nacho. Hiyo ni mara 1 kwa kila 100. Nusu ya magari yakiwa nacho, ni mara 25 kwa 100. Hata 9 kati ya 10 wakiwa nacho, bado mara 19 kwa 100 kuna mmoja asiyesikia au asiyesema.

Ndiyo maana majaribio makubwa yalikusanya magari mengi sehemu moja. Mwaka 2012 huko Ann Arbor, Marekani, karibu magari 3,000 yalifungwa vifaa katika eneo moja. Desemba 2016 serikali ya huko ikapendekeza kila gari jipya dogo liwe na kifaa. Pendekezo hilo halikuwahi kuwa sheria.

Na Uru si magari tu. Kuna bodaboda, kuna mikokoteni, kuna watu wa miguu, kuna ng'ombe. Hao hawatatangaza chochote hewani.

Kisichowezekana kiitwe kisichowezekana

Juni 28, 2025, basi na basi dogo viligongana eneo la Sabasaba wilayani Same, mkoa huuhuu wa Kilimanjaro, na kuwaka moto. Taarifa ya kwanza ya Ikulu ilitaja vifo 38, na idadi ikaongezeka baadaye. Ilielezwa kwamba tairi la basi lilipata pancha na dereva akashindwa kulimudu.

Je, redio ingesaidia? Magari mawili yanayokuja kwa kilomita 80 kwa saa kila moja yanakaribiana kwa mita 44 kwa sekunde. Gari likihama upande ghafla mbele yako kwa mita 20, una chini ya nusu sekunde. Hakuna ujumbe unaokuokoa hapo. Wanaoweza kuokolewa ni walio nyuma, ambao bado wana umbali wa kusimama kabla hawajaongeza ajali juu ya ajali.

Teknolojia hii haichukui nafasi ya tairi zima, mwendo wa kiasi na dereva aliyelala vya kutosha.

Ukimya siyo njia nyeupe

Hatari kubwa kuliko zote itakuja siku vifaa hivi vitakapoanza kuonekana kwenye gari zetu. Dereva atazoea alamu. Siku alamu isipolia, ataamini hakuna anayeshuka.

Lakini alamu inaweza kunyamaza kwa sababu nyingi. Njia ni nyeupe kweli. Au ujumbe umezibwa na udongo. Au umegongana na mwingine hewani. Au anayeshuka ana kifaa cha familia nyingine. Au anayeshuka ni bodaboda. Kwa dereva, ukimya wote huo unafanana.

Kwa hiyo, ukiuziwa gari la Japani ukaambiwa "hili linaongea na mengine, ongeza hela kidogo", usiongeze. Hapa halina wa kuongea naye.

Kwa wenye mamlaka, kazi ya maana ni kuamua mapema kabla vifaa havijamiminika: TCRA kwenye masafa, TBS kwenye viwango, LATRA kwenye magari ya abiria. Lugha moja, masafa mamoja. Tukiwaachia wauzaji watuamulie, tutapata barabara yenye familia tatu zisizosikilizana.

Na kona mbaya haina haja ya kusubiri. Kioo cha mbinu kikisimikwa kwenye kona kinamwonyesha kila mtu, hakihitaji mwenzako awe na kifaa, na hakijali gari limetoka nchi gani. Siku redio zikifika, nguzo hiyohiyo inaweza kubeba kifaa cha kupokea ujumbe wa upande huu na kuurusha upande ule, maana kwenye kona ya udongo hakuna namna nyingine ya uhakika.

Mpaka hapo, ukifika kwenye kona piga honi, punguza mwendo, shika upande wako. Na usiposikia honi ya mtu, endesha kana kwamba yupo.